Mwanangu Alinyamaza Kifuani kwa Mama Mkwe

Nilitoka kuoga, nywele bado zinachuruzika maji, nikakuta chumba changu cha hospitali kiko giza.

Mchana kweupe. Pazia limefungwa, taa zimezimwa, televisheni imezimwa.

Na kimya.

Hicho kimya ndicho kilichonitisha. Mwanangu alikuwa hanyamazi. Tangu jana yake alikuwa analia kwa sauti nyembamba, ya juu, kama chuma kinakwaruzwa, mpaka mama wa chumba cha jirani akaomba ahamishwe.

Nikaganda mlangoni. Macho yalipozoea giza, nikaona mtu ameketi kwenye kiti changu, kaelekea ukutani, kanipa mgongo. Mwanangu yuko kifuani kwake. Kalala fofofo.

Alikuwa Mama Dustin. Mama mkwe wangu. Mtu ambaye tangu niingie kwenye nyumba ya mwanawe, salamu yangu alikuwa anaipokea kwa kuguna.

Humu kwenye kundi watu wanasimulia mengi kuhusu wakwe zao, mimi husoma na kupita. Leo acha niseme langu.

Naitwa Shawna. Ni mtu wa Kentucky mashariki, huku kwenye milima ya makaa ya mawe, kwenye bonde ambalo nyumba yetu ndiyo ya mwisho na barabara inaishia uani kwetu. Baba wa mtoto ni Dustin. Wakati huo alikuwa Texas kwenye kazi ya mabomba ya gesi, maana huku machimbo yamefungwa na mwanaume asiyetaka kulala njaa anaondoka.

Mimi nilikuwa teja. Sifichi.

Ilianza na vidonge vya maumivu baada ya ajali ya gari. Vya daktari vikaisha, nikatafuta vya mtaani. Vya mtaani vikapanda bei, nikahamia kwenye unga. Huku kwetu hiyo stori haimshangazi mtu, kila ukoo una wake.

Nikaja kutoka. Daktari akanianzishia dawa ya kuweka chini ya ulimi, ile inayozuia arosto, yale maumivu ya kukosa unga, ili mtu aweze kuishi kama mtu. Nilikuwa nayo zaidi ya mwaka, napimwa, niko safi, ndipo nikashika mimba.

Nikataka kuacha hata hiyo dawa. Daktari akakataa. Akanieleza kwamba nikiikata ghafla naweza kumpoteza mtoto. Niendelee nayo. Mtoto akizaliwa anaweza kupata arosto siku chache, watamhudumia, na itapita.

Itapita. Kulisema ni rahisi.

Raelynn alizaliwa mzima kabisa. Siku ya kwanza analala na kunyonya kama watoto wa watu. Nikaanza kujipa moyo kwamba labda tumeponea chupuchupu.

Siku ya pili akaanza kupiga chafya. Chafya juu ya chafya. Halafu mikono ikaanza kutetemeka. Halafu mwili mzima ukakaza kama ubao, na kile kilio kikaanza.

Mimi arosto naijua. Najua mifupa inavyouma, ngozi inavyochukia hata shuka. Sasa namwangalia mtu ana siku mbili duniani, anapitia kile kile, na kimetoka kwangu.

We acha tu.

Lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya kilio, na hiki sikumwambia mtu. Mwanangu alikuwa hanitaki.

Nilikuwa nambeba, namweka mbele ya uso wangu, namwimbia, namwambia mimi ndiye mama yako, niangalie. Anageuza uso. Namfuata upande ule, anageuza tena. Nikimkazania anapiga miayo, anapiga chafya, anakakamaa, analipuka kulia.

Nikajisemea, huyu mtoto ananijua. Anajua nilichomfanyia.

Nesi wetu wa mchana aliitwa Jonelle, mama mnene mwenye mikono ya joto. Alikuwa akiingia ananiambia kwa upole: zima taa, usimwongeleshe sana, usimkazie macho, muache apumzike.

Nyie mnasikia ushauri. Mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia: kaa mbali naye.

Nikaanza kuwatilia shaka. Kwa nini hawataki niongee na mwanangu? Kwa nini hawataki anizoee? Mtu anayekuambia usimwangalie mtoto wako si anakuandaa kuondoka bila yeye?

Ndiyo nikatoka kuoga siku ile nikakuta hayo niliyoyakuta.

Mama Dustin alinyanyuka taratibu, akanipa mtoto, akachukua mkoba wake. Mtoto kufika mikononi mwangu, akafungua macho. Nikamwinamia usoni, nikamwita jina.

Akalia.

Mama Dustin alikuwa bado yuko mlangoni. Akatazama kidogo kama anataka kusema neno, halafu akaenda zake.

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto.

Mjue kidogo huyu mama ni nani. Jina lake Drema. Mjane, mtu wa kanisa, sketi ndefu, nywele kazifunga kisogoni. Kwenye chakula cha pamoja cha kanisani, mbele ya wamama na masufuria yao ya maharage na mkate wa mahindi, aliwahi kusema mimi nikisikia: "Teja haachi. Anahamia dawa nyingine tu."

Wamama wakainamia sahani zao. Mimi nikaweka kijiko chini, nikatoka.

Sasa mtu kama huyo anakuja kukaa hospitali kila siku, bila kuitwa, anambeba mwanangu gizani. Kwa wema gani?

Kesho yake akaja mtu wa ustawi wa jamii.

Bi Prater. Suti ya kijivu, viatu visivyotoa sauti. Aliuliza yote. Nalala wapi, natumia nini, nani yuko nyumbani, nani atambeba mtoto mimi nikizidiwa. Aliuliza kwa adabu, na adabu yake ndiyo ilinitia baridi.

Nikamuuliza nani kamwita. Akasema hawezi kujadili hilo.

Haikunisumbua kulipata jibu. Kichwani nilikuwa nalo tayari.

Mchana ule nikatoka kutafuta barafu ya kutafuna. Kwenye kona, karibu na mashine ya soda, nikawaona. Bi Prater na Mama Dustin, wamesimama karibu karibu, wananong'ona. Bi Prater anaongea, Mama Dustin anatikisa kichwa. Waliponiona, wakanyamaza wote kwa pamoja.

Nikapita na kikombe changu kama sijaona.

Kumbe ndiyo mpango, nikajisemea. Mimi nizae, yeye alee. Anamzoesha kifua chake mapema, halafu anawaonyesha: angalieni, kwangu ananyamaza, kwa mama yake analia.

Nikampigia Dustin. Mtandao mbovu, sauti inakatika. Nikamweleza kuwa mama yake anataka kutupokonya mtoto. Akasema mama hawezi. Nikamuuliza una uhakika? Akasema yeye na mama yake hawajawahi kuwa watu wa kuongea sana.

Hilo halikunisaidia kitu.

Nikaanza kumchunguza. Nikagundua jambo. Kila asubuhi Mama Dustin anapita hospitali mapema, anachungulia, halafu anaondoka na pikapu yake. Anarudi jua limeshachanganya. Haji na kikapu, haji na mfuko wa dukani.

Nikamuuliza, "Mama, asubuhi huwa unaenda wapi?"

"Nina shughuli zangu."

"Za kanisa?"

"Zangu."

Basi. Nikajua ni mahakamani au kwa wakili.

Asubuhi iliyofuata nilimwomba Nesi Jonelle amshike Raelynn, nikamwambia nahitaji hewa. Nilijua ninachohatarisha. Bi Prater akija akute kitanda kitupu, nimekwisha. Lakini nikaona bora nijue nani ananichimbia, kuliko kukaa pale nasubiri kuzikwa.

Gari langu lilikuwa uwanja wa nyuma. Nikaiacha pikapu yake itangulie, nikaifuata kwa mbali.

Tukapita mahakama ya wilaya. Hakusimama.

Tukapita ofisi za mawakili, zile zenye mabango ya nyuso zao barabarani. Hakusimama.

Akaanza kupanda mlima. Ukungu umelalia barabara, malori ya mbao yanashuka, na mimi mshono wa kuzaa unanivuta kila kona. Tukavuka hadi upande wa Virginia. Nikawa nawaza, wakili gani huyu wa mbali hivi? Anajificha nini?

Akaingia nyuma ya duka la vigae. Kuna jengo fupi pale, halina kibao. Nje watu wamepanga foleni. Vijana kwa wazee, mwanaume mmoja bado ana sare ya kazini, msichana mmoja ana mtoto kiunoni.

Wenzangu, ile foleni mimi naijua hata nikiwa usingizini. Ni kliniki ya methadoni, dawa ya kunywa ya kuwatoa watu kwenye vidonge na unga. Unasimama, unataja jina lako dirishani, unapewa kikombe kidogo, unakunywa mbele yao, unaondoka.

Nikasema labda amekuja kumsalimia mtu.

Mama Dustin akasimama kwenye foleni. Sketi yake ndefu, mkoba kaukumbatia. Msichana mwenye mtoto akamsogelea wakasalimiana kama watu wanaojuana. Zamu yake ikafika. Kupitia kioo cha mlango nikamwona anainua kikombe, anakunywa, anafungua mdomo kumwonyesha mhudumu kuwa amemeza.

Nilishika usukani kwa mikono miwili.

Alipotoka aliona gari langu moja kwa moja. Hakukimbia wala hakujifanya hajaniona. Alikuja akafungua mlango wa abiria, akaketi, akaweka mkoba magotini.

"Mtoto yuko na nani?" ndilo neno lake la kwanza.

"Na nesi."

"Basi niongee haraka."

Akaniambia alikuwa mpishi wa shule. Akaumia mgongo kwa kunyanyua makreti ya maziwa. Daktari wa mjini akampa vidonge, akampa tena, akampa tena. Akawa anapika, anaimba kwaya, anaishi navyo, hakuna anayejua isipokuwa mumewe.

Halafu akashika mimba. Dustin alikuwa tayari mvulana wa shule.

Mtoto akazaliwa, msichana. Wakamwita Junie.

"Alitetemeka kama wako," akasema. "Wakamweka chumba cha vioo, taa zinawaka muda wote. Nikienda kumbeba, namwangalia usoni, anageuza uso. Nikimwongelesha, analia. Nikimrudisha kitandani, anatulia."

Nikamgeukia.

"Nikajua kanikataa. Nikapunguza kwenda. Halafu nikaacha. Kesi ya nani amlee ilipofika mbele ya jaji, nilikuwa sijamwona muda mrefu. Akaniuliza kama namtaka. Nikasema mpeni mtu anayempenda."

"Na Dustin?"

"Tulimwambia mdogo wake amekufa. Na kanisa pia. Waliniombea."

Alikuwa halii. Alikuwa anaangalia vigae vilivyopangwa nje ya lile duka.

Akaendelea. Miaka mingi baadaye, pale pale kliniki, aliletwa mtaalamu kuwafundisha kina mama wajawazito. Yeye akakaa nyuma, anasubiri tu zamu yake. Akasikia yule mtaalamu anasema: kichanga mwenye arosto akigeuza uso, hajakukataa. Uso wa mtu una mambo mengi, sauti, macho, mwanga, vyote kwa wakati mmoja, na yeye hana uwezo wa kuvibeba. Anaomba kupumzika.

"Nilienda chooni," akasema. "Nikakaa huko mpaka wakaja kugonga."

Mngekuwa mimi mngefanyaje? Mngemkumbatia?

Mimi sikumkumbatia. Nilimuuliza alikuwa anaongea nini na Bi Prater.

"Anataka nimchukue mtoto wewe umalizane na dawa zako. Nimemkatalia."

Sikumwamini. Nawaambia ukweli. Teja anajua uongo wa teja mwenzake, na huyu mama alikuwa ameishi na uongo mkubwa kuliko wangu wote. Amemzika mtoto aliye hai. Atashindwaje kunizunguka mimi?

Na nikawaza jambo jingine, nikalihifadhi moyoni. Sasa ninacho cha kumfunga mdomo. Akijaribu kumchukua Raelynn, nitasimama niseme yuko wapi kila asubuhi.

Tulirudi kila mtu na gari lake. Kuingia wodini tu, nikamkuta Bi Prater yuko chumbani kwangu, Nesi Jonelle anambembeleza mtoto anayelia.

Bi Prater akaniuliza nimetoka wapi.

Nikaanza kumsogelea mtoto. Mama Dustin akapita pembeni yangu, akavua koti, akalitundika.

"Alikuwa na mimi," akasema. "Mambo ya mtu na mkwe wake."

Bi Prater akatuangalia mmoja mmoja. Akaahidi tutaonana kwenye kikao, akaondoka.

Ningefurahi. Lakini nikajisemea, haya, sasa na yeye anacho cha kunishika. Akitaka atasema nilimtelekeza mtoto.

Mama Dustin akafunga pazia. Akazima taa. Akaniambia niketi, nivue shati, nielekee ukutani.

Nikasita.

"Kaa, binti."

Nikakaa. Akamchukua Raelynn kwa nesi, akamfunua, akamweka kifuani kwangu, mgongo wake kwenye ngozi yangu, uso unaangalia nje. Akamkunja magoti, akamkutanisha mikono kifuani.

"Sasa panda na kushuka naye hapo hapo ulipokaa, kwa kiwiliwili tu. Polepole. Usimyumbishe kulia na kushoto. Usiimbe. Usimwangalie."

"Nitajuaje anaendeleaje?"

"Utamsikia kwa ngozi."

Nesi Jonelle alikuwa amesimama mlangoni, mikono kaikunja. Akasema taratibu kwamba ndiyo hicho alichokuwa anajaribu kuniambia tangu siku ya pili. Na kweli. Maneno yale yale. Mimi ndiye niliyeyasikia kwa masikio ya mtu anayekimbizwa.

Nikaangalia ukuta. Ulikuwa na rangi ya maziwa yaliyoganda. Nikawa napanda na kushuka, napanda na kushuka.

Raelynn alilia. Akakakamaa. Nikataka kumgeuza nimwone. Mkono wa Mama Dustin ukanigusa bega, nikaacha.

Kilio kikawa kinakatika vipande. Halafu vipande vikawa vifupi. Halafu nikasikia mwili wake unalegea, kidogo kidogo, kuanzia mabegani, mpaka uzito wake wote ukanilalia.

Sijawahi kubeba kitu kizito namna ile. Kitoto ambacho hata kilo tatu hakijatimiza.

Nikalia bila sauti, nisimwamshe.

Tuliishi hivyo. Chumba giza, simu imezimwa, wageni hakuna. Nesi anaingia kwa kunyata. Walikuwa wameandaa kumwanzishia morfini ya kumpunguzia arosto kama hali ingezidi, ila ikawa haizidi. Akaanza kunyonya bila kukabwa. Chafya zikapungua.

Asubuhi moja, amelala kifuani, kanigeukia safari hii, nikahisi kichwa chake kinasogea. Nikatazama chini kwa jicho la pembeni.

Alikuwa ananiangalia.

Macho ya kijivu, makubwa, yametulia. Mwenyewe tu, bila kuitwa.

Kila kiungo changu kilitaka kumwinamia nimlaki. Nikajizuia. Nikaangalia pembeni, nikampa nafasi avute pumzi. Nilipoteremsha macho tena, alikuwa bado yupo. Ananisubiri.

Hapo ndipo nilijua mimi ni mama wa mtu.

Mama Dustin alikuwa kwenye kiti cha kona, anashona kipande cha blanketi lake la viraka. Hakunyanyua kichwa. Akasema, "Mama Raelynn, chai yako inapoa."

Lilikuwa jina geni. Nikaitika.

Sasa mnafikiri shaka iliisha? Wapi. Mtu aliyewahi kuumwa na nyoka hata kamba anairuka. Kadiri nilivyompenda mwanangu ndivyo nilivyomwogopa yule mwanamke. Zamani nilikuwa sina cha kupoteza. Sasa ninacho.

Kikao kikafika.

Chumba kidogo, meza ya duara, sanduku la karatasi laini katikati, ambalo ukiliona tu unajua kuna mtu atalia. Bi Prater, Nesi Jonelle, mimi na Raelynn kifuani, Mama Dustin pembeni yangu. Dustin kwenye simu, kipaza sauti kimewashwa, nyuma yake mashine zinaunguruma.

Bi Prater akaanza. Akasema kwanza anataka tujue kwamba hakuna mtu aliyenichongea. Mtoto yeyote anayezaliwa na hali hii, hospitali yenyewe inatoa taarifa kwa ofisi yake. Ni utaratibu.

Nikamwangalia Mama Dustin. Alikuwa anaangalia mikono yake.

Haya, nikasema, hilo moja. Lakini bado.

Bi Prater akaendelea. Mama anaendelea vizuri, ameona. Ila mama bado yuko kwenye dawa, anaishi mbali, mwenzake yuko Texas. Ofisi ingependa mtoto aende kwanza kwa bibi yake, mtu mzima asiye na historia, anayeheshimika. Mama awe anamtembelea. Baadaye wataangalia.

Bibi yake.

Damu ikanipanda. Ndiyo hiki, nikajisemea. Ndiyo siku yenyewe. Wamepanga, na huyu kakaa hapa na sketi yake kama mtakatifu.

Nikafungua mdomo. Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Kliniki. Virginia. Kila asubuhi.

Mama Dustin akasimama.

"Huyo mtu mzima asiye na historia hayupo," akasema.

Bi Prater akaacha kuandika.

"Mimi nakunywa methadoni. Kali kuliko dawa ya huyu binti. Zaidi ya miaka kumi sasa. Kabla ya hapo nilikula vidonge, na nilizaa mtoto mwenye arosto, nikamwacha kwa sababu hakuna aliyenikalisha naye gizani akanionyesha."

Kwenye simu mashine zilikuwa bado zinaunguruma, lakini pumzi ya Dustin haikusikika.

"Kwa hiyo chagueni," akasema. "Kama mimi nafaa, na yeye anafaa. Kama yeye hafai, na mimi sifai. Ila mtoto kuja kwangu bila mama yake, sitafungua mlango."

Akakaa.

Mdomo wangu ulikuwa bado wazi. Lile neno nililomwekea kama kisu, amelichukua mwenyewe, amejichoma nalo mbele ya watu, ili mimi nibaki na mwanangu.

Angenyamaza tu. Angenyamaza, angempata mjukuu, na siri yake angezikwa nayo.

Nesi Jonelle ndiye aliyeongea kwanza. Akaeleza mtoto alivyokuwa, na alivyo tangu mama aanze kumshika. Akasema kama kuna dawa iliyomtibu huyu mtoto ni kile kifua, na kama ofisi ina mpango wa kukihamisha, waandike na dawa mbadala.

Bi Prater akamuuliza Mama Dustin swali moja tu: kama yuko tayari kuhamia kwetu kwa miezi ya mwanzo, akiwa na dawa yake na mimi na yangu, na wao wawe wanakuja kutukagua.

Mama Dustin akageuka kwangu. "Mwulize mwenye nyumba."

Wote wakaniangalia.

"Aje," nikasema. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

Ndipo Dustin akasikika kwenye simu, mwanaume mzima, kasauti kadogo.

"Mama. Junie yuko hai?"

Mama Dustin akaiinamia ile simu mezani kana kwamba ni uso wa mwanawe.

"Sijui alipo, mwanangu. Lakini sikumzika."

Simu ikakatika. Hatukujua ni mtandao au ni yeye.

Dustin alirudi nyumbani wiki hiyo hiyo. Alimbeba binti yake, alinikumbatia mimi, lakini alimpita mama yake kama anapita samani. Aliendelea hivyo mpaka majani ya mlimani yakabadilika rangi. Sikumlaumu. Siku moja nikamkuta amekaa naye kwenye ngazi za nje, anamuuliza Junie alikuwa na nywele za rangi gani. Sasa Dustin ndiye anayemtafuta mdogo wake. Hajampata bado.

Kanisani mambo yalivuja, kama yanavyovuja. Kuna wamama waliacha kukaa benchi moja na Mama Dustin. Kuna wengine wawili, wa heshima zao, walianza kumsubiri nje baada ya ibada wakitaka kujua ile kliniki inafunguliwa saa ngapi.

Raelynn sasa anakimbia. Ana kelele, ana ubishi, anang'ang'ania kuvaa mabuti kila mahali.

Somo langu ni hili, na mnichukulie nilivyo. Sababu zangu za kumshuku yule mama zilikuwa za kweli zote: alinitukana, alinong'ona, alijificha, alidanganya. Nilizijumlisha vizuri sana, nikapata jibu la uongo, kwa sababu sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kujificha kwa sababu ya maumivu.

Na kama kwenu kuna mama anatetemeka na kichanga kinachotetemeka, msikimbilie kumtoa mmoja mikononi mwa mwenzake. Fungeni pazia. Zimeni taa. Kaeni nao hapo, mkiangalia ukuta, mpaka mmoja wao alale.